Basi la Kuitwa

Genpachi, jirani yangu, alikuwa ameushika ubao kwa juu, nami nikiusukuma kwa chini uingie kwenye mfereji wake, basi lilipotokea. Mbao za kibanda cha kituo zina mpangilio. Ule wenye alama moja ya shoka huanza chini, upande wa mlimani, na nyingine hufuata kwa zamu. Ukikosea mmoja, wa mwisho hautoshi, na upepo wa Januari huingiza theluji ndani mpaka benchi lisionekane. Kazi hii tuliifanya kila mwaka kabla ya theluji ya kwanza. Zamani walikuja wanaume wa nyumba zote, na baada ya kazi tulikunywa sake, pombe ya mchele. Mwaka huu tulikuwa wawili, na tulileta chai.

"Sukuma bwana, unaupapasa kama bibi harusi," Genpachi alisema.

"Nasukuma. Wewe ndiye umeuegemea."

Basi lilizunguka kwenye kiwanja cha kugeuzia, likasimama mbele yetu, mlango ukafunguka. Hakushuka mtu. Hilo halikutushangaza. Onodera, dereva, alikuwa amelipandisha basi lile hapa kwetu Kuromata asubuhi na jioni kwa miaka mingi, na mara nyingi alichobeba kutoka bondeni kilikuwa upepo tu. Lakini siku hiyo hakubaki kwenye kiti chake kusoma gazeti mpaka saa ya kuondoka. Alizima injini, akashuka. Sikumbuki kama niliwahi kuisikia injini ile ikizimwa pale. Kijito kilicho nyuma ya kibanda kikasikika ghafla, kama ndiyo kwanza kinaanza kutiririka.

"Wazee wangu," alisema, akavua kofia. "Nimeona niwaambie mwenyewe kabla barua haijafika."

"Mtu akinivulia kofia sipendi," Genpachi alisema. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Kuanzia Jumatatu basi halitapanda lenyewe. Litapanda likiitwa. Mwenye safari apige simu ofisini siku moja kabla, isizidi saa kumi jioni. Msipopiga, basi litaishia daraja la chini na kurudi."

"Na tukipiga?"

"Nakuja."

"Hata kwa mtu mmoja?" niliuliza.

"Hata kwa mtu mmoja, mzee. Ndivyo walivyoandika." Alikuwa akiigeuzageuza kofia mikononi. "Ila pigeni. Nawaomba. Zamani walitazama viti, sasa watatazama simu. Simu isipolia, watasema huku hakuna watu."

"Watu tupo," Genpachi alisema. "Mimi peke yangu nina uzito wa abiria wawili."

Onodera alicheka kidogo, akainama kutuaga, akapanda. Basi likateremka tupu kama lilivyokuja. Sisi tukarudi kwenye ubao wetu.

Aliyenijia akilini ni Kiyono, mjane wa kaka yangu. Nyumba yake na yangu zimetengwa na shamba dogo la figili. Kiyono ana doa jeusi katikati ya macho. Kwa pembeni anaona vizuri. Anaweza kumwona kunguru juu ya paa huku amekuelekea wewe, lakini uso wako ulio mbele yake una shimo. Kila mwezi alishuka mjini kwa basi kuchomwa sindano ya jicho. Daktari wa macho hakai pale mjini, huja kutoka makao makuu ya mkoa kwa siku zake maalumu. Nilikuwepo alipomweleza: sindano haiponyi, inazuia. Ukiikosa, doa linakua, na mahali pa jicho pakishaliwa haparudi.

Binti yake Chizuru, anayeishi Yokohama, naye alisema lake. "Mama, siku utakayoikosa sindano, nakuja kukuchukua." Kiyono hakubishana naye. Aliniambia mimi, akimenya tunda la kaki bila kulitazama, kwamba kule ghorofani kwa binti yake hatajua hata sufuria iko wapi. Hapa kila kitu mkono wake unakijua.

Hakuna aliyebaki na gari kati yetu. Leseni tulizirudisha polisi mmoja baada ya mwingine, kama watoto wetu walivyotuomba, na kila mmoja akapewa cheti cha kumpongeza. Teksi ya mjini ilifungwa mwenyewe alipougua. Kilichobaki kilikuwa basi.

Jumatatu ilipofika sikusikia kitu. Nilikuwa nimezoea kuamka kwa mlio wa basi likibadilisha gia kwenye kona ya hekalu, na asubuhi hiyo nililala nikisubiri mpaka jua likaingia chumbani. Siku zilizofuata niliona barabara ikibadilika. Basi lilikuwa likipeperusha majani kila siku, nasi hatukujua kwamba lilikuwa likitufagilia. Sasa majani yalilala pale yalipoanguka, yakalowa, yakageuka zulia jeusi la kuteleza. Mwishoni mwa juma niliona nyayo za dubu juu yake. Dubu si mgeni kwetu, lakini zamani alivuka barabara mbio, kutoka kichaka hiki kwenda kile. Nyayo hizi zilifuata mstari mweupe wa katikati, taratibu, kama za mtu mwenye safari yake. Zilifika mbele ya kibanda, zikasimama, kisha zikaendelea kuteremka.

Nilimpelekea Kiyono kengele ya kufunga kwenye mkoba ili wanyama wamsikie. Ilikuwa jioni, kesho yake ana siku ya daktari.

"Basi la kesho lipo?" nilimuuliza.

"Litakuja, shemeji. Matsue naye ana kliniki yake ya moyo kesho. Lazima ameshapiga. Mimi na macho yangu mabovu nimpandishe Onodera mlima mzima? Nitadandia la Matsue."

Niliona ni maneno ya maana, sikuuliza zaidi. Huku kwetu ukimuuliza mtu kama kweli amefanya jambo, ni kama umemwambia hakuaminiki. Na ukiita gari zima kwa ajili yako peke yako, umejiona mkubwa. Tumelelewa hivyo wote, na sijui kama ni vibaya. Tumeishi vizuri kwa namna hiyo kwa muda mrefu.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Nilimsindikiza Kiyono mpaka kituoni, nikakuta Bibi Matsue, jirani yetu, amekaa kwenye benchi ndani ya koti lake la sherehe, mkoba magotini. Genpachi alisimama nje ya kibanda, amenyoa ndevu, akikohoa.

Kiyono aliinama mbele ya Matsue. "Asante sana, dada, kwa kutuitia basi."

Matsue aliinuka akainama chini zaidi yake. "Mimi? Jamani, mimi ndiye wa kushukuru. Nilijua leo una daktari wako, nikasema nitajibanza kwenye basi la Kiyono."

Wote wawili wakamgeukia Genpachi.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Mimi nimekuja kudandia la kwenu. Kikohozi changu hakistahili basi zima."

Kisha wakanitazama mimi. Nilitikisa kichwa.

Tulicheka. Matsue alicheka mpaka akashika kifua, na Genpachi akasema tukipigwa picha sasa hivi tungepewa zawadi ya wajinga wa wilaya. Kicheko kikapungua, kikaisha. Ningedhani baada ya hapo tungerudi majumbani, lakini hakuna aliyeondoka. Wa kwanza kuondoka angekuwa amesema kwamba basi haliji, na kusema haliji ni kusema kuna mtu wa kulaumiwa. Kwa hiyo tulisimama wanne, tumevaa vizuri, tumeelekea barabara ambayo haikuonekana. Tawi lilivunjika mahali fulani juu, kwenye miti ya kaki ya nyumba zilizohamwa, kisha jingine. Matsue akasogea karibu nasi.

"Labda amechelewa," Genpachi alisema.

"Ukungu huu," Matsue alisema.

"Ndiyo, ukungu."

Kiyono alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama afanyavyo anapotaka kuona, na niligundua kwamba alikuwa akisikiliza.

Saa ya daktari ilipokuwa imeshapita niliwaambia nakwenda kuchukua glavu nyumbani, nikapiga simu. Msichana wa ofisi alinijibu kwa adabu sana. Muda wa kuita basi la leo ulikwisha jana. "Mngepiga jana lingekuja, mzee," alisema. "Hata kwa mtu mmoja." Niliwapigia hospitali. Daktari wa macho angerudi katikati ya Desemba.

Niliporudi kituoni sikuwa na glavu, na hakuna aliyeniuliza. Tuliagana kama watu waliotoka mazikoni.

"Shemeji," Kiyono alisema tukiwa njiani. "Chizuru asijue."

Sikumwahidi, wala sikumkatalia.

Siku zile Kiyono hakulalamika. Aliendelea kuanika figili, kufagia, kuimba chini kwa chini akiwa jikoni. Lakini niliona amehamisha vitu: visu vimepangwa upande mmoja tu wa rafu, na mlangoni viatu vimetengana, kila jozi na nafasi yake. Jioni moja alinikaribisha chai. Alishika birika, akamimina. Chai ikashuka kando ya kikombe, ikatiririka mezani mpaka kwenye mkeka, mkono wake ukiwa umetulia kabisa. Alikuwa akisubiri sauti ya kikombe kinachojaa. Nilikinyanyua kikombe bila kelele nikakiweka chini ya mkondo.

Alisita. "Usinifanyie hivyo, shemeji."

"Nini?"

"Kikombe hakitembei."

Nilichukua kitambaa nikapangusa mkeka. Tulikunywa chai iliyobaki tukizungumzia figili.

Theluji ilianza katikati ya Desemba, usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kuita basi la kumpeleka Kiyono kwa daktari. Kulipokucha ilikuwa imefika magotini, na ilikuwa ikianguka vile inavyoanguka ikiwa haina haraka: mapande makubwa, wima, bila upepo. Nilivuka shamba la figili kwenda kwa Kiyono nikanyanyua mkono wa simu.

"Napiga mimi."

"Utasema nini?"

"Abiria mmoja, kesho asubuhi."

"Wewe unasafiri?"

"Hapana."

"Basi weka chini." Alikuja akanipokonya. Vidole vyake vilijua tarakimu zote. "Samahani sana kwa kuwasumbua," alisema, akiuinamia ukuta. "Napiga kutoka Kuromata. Ndiyo, kule juu kabisa. Samahani. Naomba basi la kesho asubuhi." Aliulizwa swali, nami nililijua: abiria wangapi. Alikaa kimya mpaka nikasikia sauti ndogo ya yule msichana ikisema halo, halo, bibi, upo?

"Mmoja," Kiyono alisema. "Ni mimi peke yangu."

Masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyevuliwa nguo hadharani. Sijapata kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu wakati ule. Lakini hakukata simu. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema naelewa, akasema samahani tena. Alipoweka mkono wa simu mahali pake alikaa chini.

"Onodera atakuja," alisema. "Ataishia darajani."

"Kwa nini darajani? Si umemwita?"

"Nimemwita. Lakini barabara yetu si ya basi tena. Tingatinga la theluji linasafisha kwanza barabara za mabasi, ndipo liende kwingine. Huku kwetu litafika likimaliza kote. Keshokutwa, amesema yule msichana. Kama theluji itaacha."

Nilitazama nje. Mambo haya mawili, basi na theluji, sikuwahi kuyaweka pamoja. Miaka yote nilidhani tingatinga linakuja kwa sababu kuna theluji na sisi tupo. Kumbe lilikuwa likilitangulia basi tu. Basi lilipoondoka, liliondoka na vitu ambavyo hatukujua limevibeba.

Kutoka kwetu mpaka darajani kijana hufika kwa muda mfupi, wakati wa kiangazi. Kwenye theluji ambayo kesho ingefika mapajani, mtu wa umri wa Kiyono asiyeona hatua iliyo mbele yake hafiki. Nilichukua beleshi langu. Sikwenda kuomba msaada. Huku hatuombi. Nilianza kuchimba mbele ya nyumba ya Genpachi, chini ya dirisha lake, na kila nilipotupa theluji nililigonga beleshi kwenye ukuta wa mawe.

Dirisha likafunguka. "Unachimba kaburi la nani?"

"Barabara. Mpaka darajani."

"Kwa mkono? Uzee umekupanda kichwani, bwana Toyoji."

"Kiyono ana basi kesho."

"Ameliita mwenyewe?"

"Mwenyewe. La mtu mmoja."

Genpachi alinitazama, theluji ikimwangukia kipara. "Mwanamke huyo," alisema, akafunga dirisha. Nikasikia akitupa vitu huku na huku ndani, kisha akatoka na beleshi pana la kusukumia, kofia ya majani kichwani, kitambaa shingoni. "Sogea. Unachimba kama unakwangua ukoko wa wali."

Matsue alikuja na ufagio, kwa sababu moyo wake hauruhusu beleshi, na matonge ya wali ndani ya kitambaa. Alifagia nyuma yetu ili njia isiteleze. Baadaye nikasikia pumzi nyingine, nikageuka. Kiyono alikuwa amesimama ndani ya mfereji wetu, amevaa viatu vya marehemu kaka yangu.

"Rudi ndani," Genpachi alimwambia. "Mgonjwa hachimbi."

"Mgonjwa ni wewe, unakohoa kama trekta. Njia yenu imepinda."

Ilikuwa imepinda kweli. Alitangulia. Hakuona alichokichimba, lakini aliona kingo zote mbili kwa pembe za macho, na ukuta wa theluji ulinyooka nyuma yake kama umekatwa kwa uzi. Tukapokezana: yeye anakata, mimi natupa, Genpachi anasukuma, Matsue anafagia. Kwa muda niliamini tutafika.

Mchana ulipoanza kufifia tulikuwa hatujaimaliza kona ya hekalu. Genpachi alichuchumaa, kikohozi kikamshika, akakaa hivyo akiwa ameegemea ukuta wa theluji mpaka Matsue akamgonga mgongoni kwa mpini wa ufagio.

"Twende nyumbani, wewe. Nikufie njiani au unifie, watasema nini watu?"

"Watu gani?" Genpachi alisema. Hakukuwa na dalili ya utani usoni mwake.

Waliondoka wameshikana mikono. Niliwatazama mpaka wakapotea, na hapo ndipo nilipoiona njia yenyewe. Pale tulipoanzia kuta zilikuwa zimelegea na kuwa mviringo. Chini, mahali Matsue alipofagia, palikuwa peupe tena, laini, bila alama ya mguu wa mtu. Theluji ilikuwa ikitufuata kwa mwendo uleule tuliokuwa tukienda.

"Tumefika wapi?" Kiyono aliuliza.

"Kona ya hekalu."

"Daraja linaonekana?"

"Hapana."

"Linafichwa na theluji, au bado mbali?"

"Vyote viwili."

Alitikisa kichwa kukubali, akakata pande jingine. Kule juu, nyumbani kwake, simu ililia. Sauti husafiri vizuri kwenye theluji. Chizuru humpigia mama yake kila jioni saa ya chakula. Ililia ikakatika, ikalia tena kwa muda mrefu.

"Atadhani umeanguka," nilisema.

"Nitamwambia ukweli kesho, nikishatoka kwa daktari," Kiyono alisema. "Nikiwa nimechomwa sindano, naweza kumwambia lolote."

"Na kama..."

"Shemeji, tupa theluji."

Nilitupa. Tulifanya kazi mpaka sikuona tena beleshi langu, ila nililisikia tu. Kwake yeye giza halikubadilisha mengi, angeendelea. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Tulisimika mabeleshi mawili wima pale tulipoishia, ili tupajue mahali hapo chini ya theluji mpya, tukakubaliana kuanza tena kabla ya mapambazuko. Onodera angefika darajani saa mbili na nusu asubuhi, na yule msichana wa ofisi alimwambia Kiyono kwamba angesubiri kidogo. Tulirudi tukipapasa ukuta alioukata Kiyono, yeye mbele, mimi nyuma. Theluji iliendelea kuanguka, wima, bila haraka.